Asisemeshwe Siku Ishirini na Moja

Mtongwe,
5 Agosti 2024

Mwanangu Ruth,

Salamu nyingi sana. Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu ninayo, lakini simu haina adabu, mtu hukukatiza ukiwa katikati ya neno. Na wewe nilikufundisha insha darasa la sita hapa hapa Mtongwe, kwa hivyo usiniletee visingizio vya kutoandika. Mwanatabu jirani yangu anafagia hapo kliniki yenu Changamwe, na tangu ifunguliwe barabara ya Dongo Kundu hana haja ya feri. Yeye ndiye tarishi wetu.

Jambo lenyewe ni mjukuu wangu, Raghad. Unamkumbuka? Yule mtoto wa marehemu mwanangu, aliyekuwa akisoma Maulidi kwa sauti ya kukuliza. Sasa ana miaka ishirini na moja. Wiki ya saba hii ana vidonda mdomoni. Ndani ya shavu la kushoto na mdomo wa chini kumebabuka kweupe, ngozi inatoka kama ya maziwa. Hali ila uji wa baridi. Hasemi, akisema damu inatoka, basi ananiandikia vikaratasi.

Tumefanya kila kitu. Asali, shabu, dawa ya kusukutua ya duka la Likoni, sindano tatu. Kasomewa dua, na kombe la aya kanywa. Amu yake Sameer, ambaye ndiye aliyemlea tangu baba yake afe, anasema kuna mkono wa mtu. Mimi nimesomesha miaka thelathini na nne, siamini haraka, lakini usingizi sina. Nimekuwa msahaulifu hata chokaa yangu ya tambuu inaisha mbio, sijui napaka mara ngapi.

Mtazame, mwanangu. Tuna shughuli yetu ndogo mwezi wa kumi na ningependa awe mzima.

Mimi mwalimu wako,
Alawiya

*

Changamwe,
12 Agosti 2024

Mwalimu wangu, shikamoo.

Nashukuru ulimleta Raghad mwenyewe Jumatano. Nimefurahi kukuona, na nimekoma kupaka yale mafuta ya nywele uliyonikemea.

Majibu ya damu yamerudi, yote safi. Kile kinyama kidogo nilichokata na kupeleka kupimwa pia ni safi. Si saratani, wala si ukimwi, wala si ule ugonjwa wa ngozi niliouogopa mwanzo. Ninakwambia haya kwanza ili upate kulala.

Lakini nikwambie kweli, vidonda hivi vinanitatiza. Vidonda vya maradhi hutoka ovyo ovyo, huku na huku, na kingo zake huwa za mviringo. Vya Raghad vimekaa upande mmoja tu, na kingo zake zimenyooka. Kwengine kote, nyuma ya koo na chini ya ulimi, ni kuzima kabisa. Nimemtengenezea kifuniko chembamba cha plastiki cha kufunika shavu na mdomo, usiku na mchana. Asikitoe ila wakati wa kula, na ukae naye akila. Nataka kuona kidonda kitafanya nini kikiachwa peke yake.

Jambo jingine. Tuna mshauri hapa, Vivian, mtu mpole sana, kazi yake ni kuzungumza na watu wenye mawazo mengi. Mara nyingine mwili hubeba mzigo wa moyo. Naomba umlete amuone hata mara moja.

Mwanafunzi wako,
Ruth Kadenge

*

Mtongwe,
27 Agosti 2024

Ruth,

Nimesoma barua yako mara mbili na ya tatu nikaiweka chini. Mshauri wa mawazo? Raghad hana wazimu. Kwetu hapana mwenye wazimu tangu babu wa babu yangu, na likitoka neno hilo likamfikia mtu, hiyo shughuli yetu imekwisha. Usirudie.

Kifuniko chako kimefanya kazi, Mungu akulipe. Siku kumi tu na shavu likawa jekundu zuri, kama la mtoto. Akala wali. Nikamwambia Sameer, unaona, dawa ya hospitali hiyo. Siku ya kumi na moja tukakitoa. Siku ya kumi na tatu kaamka mdomo umebabuka tena, safari hii mpaka ncha ya ulimi! Nililia, Ruth. Mimi, mwanamke wa miaka sabini na mbili, nililia jikoni nikimpondea ndizi.

Nimemuuliza unaumwa wapi mwengine, unaogopa nini, nani kakuudhi. Anatikisa kichwa na kunibusu mkono. Mtoto ana adabu huyu hata inaniogopesha.

Niambie ni maradhi gani haya yanayopona yakifunikwa na kurudi yakifunuliwa. Wewe ndiye uliyesoma. Na Mwanatabu nimemwambia akipita sokoni aninunulie chokaa, kijaluba chake kitupu tena.

Alawiya

*

Changamwe,
30 Agosti 2024

Raghad mpenzi,

Barua hii nimeikunja ndani ya boksi la dawa ili uione wewe peke yako. Soma kisha uichane.

Sikuandikii kukushika wala kukuaibisha. Nimetibu vinywa miaka tisa na wewe si wa kwanza. Niliwahi kumtibu mwanamume mzima, askari, aliyekuwa akijitafuna shavu mpaka nyama zikaning'inia, na hakujua kwamba anafanya hivyo mpaka nilipomwonyesha kwa kioo. Kuna wengine hutumia kucha, wengine sindano ya kushonea, wengine kitu cha kuunguza. Si wazimu na si uongo. Ni moyo uliokosa mahali pa kusemea.

Vidonda vyako viko pale tu kidole cha mkono wa kulia kinapofika. Vilipofunikwa vilipona. Na Mwalimu ananiandikia kwamba chokaa yake ya tambuu inaisha mbio.

Mimi siulizi umefanyaje. Nauliza ni kwa nini. Hiyo ndiyo dawa yenyewe, hizi za kupaka ni za kutuliza tu. Huwezi kusema, haya, niandikie. Nitakayosoma yatabaki kwangu.

Dada yako,
Ruth

*

Mtongwe,
3 Septemba 2024

Dada Ruth,

Umenijua. Niliposoma nilijifungia chooni, kisha nikaona afadhali.

Hiyo shughuli ndogo anayosema bibi ni harusi yangu. Hakukutajia kwa kuwa kwetu harusi haitangazwi mapema, wanaogopa jicho. Ni tarehe kumi na moja mwezi wa kumi. Bwana ni Hadi, rafiki wa amu Sameer, mwenye duka la vyombo Kisauni. Amefiwa na mke. Ana miaka arubaini na nane. Si mtu mbaya. Mimi simtaki, basi. Nikimuona natamani kutoka ndani ya ngozi yangu.

Siwezi kumwambia amu. Amenilea, amenisomesha, hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. Nitamkabili vipi? Na bibi amefurahi mno, ananishonea foronya mwenyewe na macho yake hayaoni.

Mwanzo haikuwa kusudi. Mwezi wa sita nilijiuma shavu kwa bahati mbaya, likavimba, na siku ile ile dada zake Hadi walikuwa waje kunitazama. Wakaambiwa mwali anaumwa, wakaahirisha wiki mbili. Nikaona, kumbe kidonda kinasikizwa kuliko mimi. Shavu lilipotaka kupona nikachovya kidole kwenye kijaluba cha bibi. Napaka, nafumba mdomo, nahesabu mpaka hamsini. Sasa mkono unakwenda wenyewe hata sina nia. Ikianza kuwaka, moyo unatulia. Najua si sawa.

Nilidhani watu wa Hadi watachoka na mwali mgonjwa. Hawachoki. Wameleta asali kutoka Hadhramaut.

Usimwambie bibi. Nakuapisha kwa Mungu wako unayemwabudu, usimwambie mtu yeyote. Akijua kwamba nilikuwa najichoma kwa chokaa yake, atakufa.

Raghad

*

Changamwe,
27 Septemba 2024

KWA YEYOTE INAYEMHUSU

Mgonjwa Raghad, umri miaka 21, ana vidonda vikali vya kinywa na ulimi. Kwa usalama wake asizungumze kabisa kwa muda wa siku ishirini na moja kuanzia leo. Asisemeshwe, asilazimishwe kujibu lolote kwa sauti, wala asishiriki katika shughuli yoyote itakayomtaka kufungua kinywa. Akifungua kinywa, vidonda vitachanika na huenda ulimi ukapata kovu la kudumu.

Ruth Kadenge
Afisa wa Afya ya Meno

(Mwalimu, naomba barua hii aione pia amu Sameer. Nimeiandika kwa uzito wake wote. Shughuli mliyo nayo, kama inaweza kungoja, ingoje. R.)

*

Mtongwe,
14 Oktoba 2024

Mwanangu Ruth,

Leo nakuandikia kwa furaha na kwa kukuomba radhi. Ile "shughuli ndogo" ilikuwa harusi ya Raghad! Usininunie. Ningekutajia tangu mwanzo, lakini unajua sisi na jicho. Mwanatabu amekuletea halwa, sinia la pilau, na kitambaa cha doti moja. Pilau ule leo leo.

Barua yako ilitufaa mno. Sameer aliisoma, akaitoa nakala, akaibandika mlangoni pa chumba cha ndani. Kungwi hakumsemesha, wageni hawakumsemesha, hata wale wazee wa Kisauni wenye maswali mia walifunga midomo yao. Ulisema ingoje. Sameer akasema haina haja, kwani mwali si lazima aseme. Ulivyotuandikia ndivyo tulivyofuata.

Nikuelezee maana wewe hukuwepo. Ijumaa baada ya swala ya alasiri alikuja Sheikh na mashahidi wawili, wakakaa upande wa pili wa pazia. Sheikh akamuuliza: Raghad, unamridhia Hadi akuoe, amu yako akuozeshe? Kimya. Kwetu bikira akinyamaza huhesabiwa karidhia, haya ndiyo yanamzuia kusema. Lakini Sheikh wetu ni mtu makini, akauliza mara ya pili. Kimya, machozi tu yanamtoka, kama mwali yeyote. Mara ya tatu mtoto akainua kichwa akafungua mdomo, nikaona ulimi wote mweupe, masikini! Nikakumbuka maneno yako ya kovu. Nikamwekea kiganja mdomoni upesi. Nikamwambia usiseme, mwanangu, daktari kakataza. Nikamshika hivyo hivyo mpaka Sheikh akasema alhamdulillahi.

Harusi ikapita salama. Yuko Kisauni kwa mumewe. Siku nne hizi nyumba imekuwa kubwa, lakini nitazoea. Halafu ajabu, chokaa yangu tangu Ijumaa haijapungua.

Mwalimu wako anayekushukuru,
Alawiya

*

Changamwe,
16 Oktoba 2024

Mwalimu, shikamoo.

Pilau sikuila. Niliposoma barua yako niliingia chumba cha dawa nikajifungia, na wagonjwa walingoja.

Sijui niseme vipi, kwa hivyo nasema tu. Raghad hakuwa na maradhi. Alikuwa akijichoma mwenyewe kwa chokaa ya kijaluba chako, kwa sababu hamtaki Hadi na hakuweza kumwambia amu wala wewe. Nimejua tangu tarehe tatu Septemba. Aliniapisha nisikwambie, na mimi nikakishika kiapo nikijiona mwaminifu.

Ile barua ya siku ishirini na moja ilikuwa hila yangu. Vidonda vilikuwepo, lakini hayo mambo ya kovu niliyaongeza. Kanisani kwetu bibi harusi husimama mbele ya watu wote akasema "nakubali" kwa kinywa chake, na asiposema mchungaji hafungi. Nikafikiri na kwenu ni hivyo. Nikafikiri nikimnyamazisha, harusi haitafungwa, na wiki tatu zinatosha kumshawishi akwambie mwenyewe. Sikuuliza mtu. Sikumuuliza hata Mwanatabu aliye hapa karibu yangu kila siku.

Ile mara ya tatu, Mwalimu, sidhani kama alikuwa anataka kuridhia.

Nisamehe kama unaweza.

Ruth

*

Mtongwe,
21 Oktoba 2024

Ruth,

Mwanatabu amengoja mlangoni siku tatu nimpe jibu. Leo ndiyo nimeshika kalamu.

Ulijua siku thelathini na nane kabla ya harusi. Nimezihesabu. Siku thelathini na nane ulikuwa ukila salamu zangu na kuniitikia Mwalimu, Mwalimu. Kiapo! Mtoto anajichoma ulimi, wewe unamtunzia kiapo!

Sikiza nikufundishe na hili. Sheikh huyu huyu, mwaka juzi, aliinuka nyumba moja hapo Likoni, akavaa viatu vyake akaenda zake, na wageni mia mbili wamekaa, kwa sababu mtoto wa kike nyuma ya pazia alisema "sitaki". Neno moja. Hakubembelezwa, hakupigwa, harusi ikavunjika na mchana ule ule watu wakala wakatawanyika. Hata angetikisa kichwa mimi nikaona, ningesema. Neno moja lilikuwa likihitajika, na lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nakulaumu wewe na wallahi nitakulaumu mpaka nife. Lakini kiganja kilikuwa changu. Nilihisi midomo yake ikitikisika humu ndani, ikinipiga, nikadhani ni kilio. Nikakaza. Tangu nipate barua yako kila nikinawa naanza na mkono huu na sijui lini niache.

Kijaluba nimekitupa baharini pale karibu na kambi ya wanamaji. Miaka hamsini na moja nimekula tambuu.

Jumamosi Sameer ananipeleka Kisauni. Sijamwambia kitu. Nitamuuliza Raghad mwenyewe, na safari hii atajibu kwa kinywa chake. Akiniambia alilazimika, nitakwenda kwa Kadhi na miguu yangu hii miwili, nitakula yamini kwamba mimi ndiye niliyemziba mdomo mwali, na ndoa haikuwa na ridhaa. Sameer atakasirika. Na akasirike, nilimzaa mimi.

Alawiya

*

Kisauni,
26 Novemba 2024

Dada Ruth,

Nimekuwa nikiiandika barua hii na kuichana tangu bibi alipokuja.

Alikuja na amu Sameer. Amu akakaa barazani na Hadi wakinywa kahawa, pazia tu ndilo lililotutenga, tulisikia vikombe. Bibi akanikalisha kitandani. Akawasha tochi ya simu, yeye asiyetaka simu, akanimulika mdomoni kama unavyofanya wewe. Akaona kweupe hapana, kidonda hapana. Akasema kwa sauti ndogo, sasa mdomo wako mzima, mwanangu, hebu niambie. Ulikuwa unataka kusema nini siku ile?

Nilikuwa nalo neno, dada. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi bafuni wiki nzima.

Lakini nikamtazama. Amekonda. Mkono wa kulia ameuficha ndani ya buibui, na tangu aingie hajanishika nao, mimi niliyelelewa na mkono ule. Nikajua nikisema "sitaki" atalisikia neno hilo mkononi mwake maisha yake yote yaliyobaki. Nikamwambia, nilikuwa nataka kusema nimeridhia, bibi, sikuweza tu kungoja. Nikacheka. Akalia mpaka ushungi ukarowa. Akanibusu na akautoa ule mkono akanishika uso. Akarudi Mtongwe mwepesi, amu ananiambia njia nzima alikuwa akiimba.

Hadi hanipigi wala hanitukani. Anauliza nimekula nini. Siulizwi jambo jingine katika nyumba hii. Milango inafunguka saa zake na kufungwa saa zake, dada zake wanakuja Jumapili, wananifundisha apendavyo viazi vyake.

Hapa hakuna anayekula tambuu, kwa hivyo chokaa hapana. Natumia meno. Upande wa kulia, ndani kabisa nyuma, mahali tochi ya bibi haikufika. Nasikia kwa ulimi shimo linazidi kuingia. Jana nilitema kipande na sikuumwa, na hilo ndilo lililonitia hofu nikakuandikia.

Barua hii anakuletea Mwanatabu, amekuja kunitazama leo na nimemwambia ni ya dawa.

Bibi aliniambia kwamba alikuwa tayari kwenda kwa Kadhi, akale yamini mbele ya watu, kama ningesema neno. Bado yu hai. Bado anatembea.

Safari ile nilikuapisha kwa Mungu wako usimwambie mtu. Safari hii, dada Ruth, sikuapishi.

Raghad